Kampira Kangu na Fundo Lake

Jumanne, 16 Septemba 2025

Nimerudi Maringo. Maji hakuna mferejini, paka wa Lela amelala juu ya mashine yangu ya kufuma, na ndani yangu mna kitu ambacho hakikuwepo wiki iliyopita.

Daktari Sirad ametoa jiwe lililokuwa limeziba njia ya mkojo upande wa kushoto. Halafu akaacha kampira. Yeye anakaita stenti. Nilimwomba anichoree, akachora nyuma ya karatasi ya glavu — figo juu, kibofu chini, na katikati kampira kembamba kenye mikunjo huku na huku. Mkunjo mmoja unajishika ndani ya figo, mwingine ndani ya kibofu. Kazi yake ni kuweka njia wazi mpaka uvimbe utulie.

Nikauliza, sasa kamelala ama kanaelea? Akasema kanaelea kidogo. Nikikohoa je? Kanapanda na kushuka. Na nikiinama kuokota uzi? Akacheka. Akasema wagonjwa wengine huuliza tu watakula nini.

Baada ya wiki chache nirudi, nipigwe eksirei, halafu akatoe kupitia njia ileile kaliyoingilia. Dakika chache, bila kisu. Amenionya vizuri: nisikasahau humo. Kakikaa sana kanaota mawe juu yake.

Nikienda haja ndogo nasikia mvuto mgongoni, kama mtu ananivuta sweta kwa nyuma. Si uchungu hasa. Ni ajabu tu. Leo nimeenda choo mara nyingi kuliko nilivyokula.

Ijumaa, 19 Septemba

Lela amenisindikiza Eastleigh kununua uzi. Huyu jirani yangu ni mzaliwa wa Majengo, kule Pumwani, na hakuna jambo linalompita. Njia nzima ananiuliza: Mama Mourine, ule mlango wa kukagua watu pale kwa maduka, ukilia utawaambia nini? Nikamwambia ni plastiki, haulii. Akasema una hakika? Sikuwa na hakika.

Tukapita. Haukulia. Lela alionekana kama mtu aliyenyimwa sinema. Tukarudi tukapita tena, askari akatuuliza tunatafuta nini.

Uzi wa rangi ya damu ya mzee umeisha, nimechukua wa kijani na wa bluu.

Jumapili, 28 Septemba

Mourine binti yangu alikuja baada ya kanisa, yeye na mjukuu wangu Mitchelle. Baba Mitchelle, mkwe wangu Kweyu, aliwaleta, akabaki nje kwa geti kama kawaida.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hatupeani mkono. Hatuli meza moja. Hakanyagi chumba chenye kitanda changu, na kwa kuwa nyumba yangu yote ni chumba kimoja, basi haingii. Najua siku hizi watu wamelegeza, wengine wanapigwa picha wamekumbatiana na mama wakwe wao. Sisi hapana. Kweyu amelelewa vizuri. Akiniona anageuza bega, anainamisha kichwa, ananisalimia akitazama ukuta wa jirani. Nami namwitikia nikitazama masufuria. Tangu amwoe Mourine sijawahi kuyaona macho yake vizuri.

Nikampelekea chakula kwa mkono wa Mitchelle, sahani imefunikwa. Ikarudi imeoshwa. Sijui maji aliyapata wapi.

Mourine akasema bwanake amehamishwa, sasa anafanya kazi karibu. Ni mtu wa hospitali, lakini anashika nini huko ndani sijui. Mimi ninayeuliza kila kitu, mambo ya mkwe siulizi. Nikasema Mungu amsaidie, nikaongeza chai.

Habari ya kampira sikumwambia. Anajua nilitolewa jiwe, basi. Nikimwambia atamwambia bwanake, na hayo ni mambo ya chini ya kiuno.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo kalikuwa katolewe. Hakakutolewa. Wacha niandike sasa hivi.

Nilifika hospitali mapema. Wakanipa gauni lao lile la kufunga nyuma, ambalo halifungiki hata ulivute vipi. Nikakaa kwa benchi mbele ya chumba cha eksirei, nikiwaza nitamwomba mpiga picha anionyeshe. Nilitaka kukaona kampira kangu kabla hakajaondoka. Kameishi ndani yangu mwezi mzima, ni haki yangu kukajua.

Mlango ukafunguliwa. Sauti ikaita: Asenath Mukhwana.

Ile sauti naijua. Ni ile ya kusalimia ukuta wa jirani.

Kweyu. Amevaa koti jeupe, na picha yake kifuani. Tukatazamana — ndiyo, usoni kabisa, mara ya kwanza. Kisha yeye akageukia mlango na mimi nikageukia sakafu. Nimeshika gauni nyuma kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia ukuta usianguke.

Akasema, Mama.

Nikasema, Ee.

Akasema ngoja nimtafute mwenzangu, akaondoka haraka kwenye korido, karibu anakimbia. Nami sikungoja. Nilivaa nguo zangu nikiwa nimesimama nyuma ya mlango wa choo, nikatoka kwa geti bila kumwangalia mtu.

Nilale pale juu, gauni limefunuliwa mpaka kitovuni, mkwe wangu ananiambia nivute pumzi? Hata kama ni mwenzake atakayeshika mashine, yeye atakuwa nje anajua nimelala vipi. Na picha yenyewe si ataiona? Ni kazi yake. Ataniona mifupa ya nyonga.

Nimejicheka. Halafu nimelia kidogo. Nitarudi siku ambayo hayupo. Lakini nitajuaje hayupo? Kumuuliza Mourine ni kumwambia.

Jumatano, 15 Oktoba

Macho yake ni ya upole. Sikutarajia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wamepiga simu kutoka kliniki. Mbona sikurudi? Nikasema niko ushago, kijijini kwetu, kwa matanga. Nimemzika mtu ambaye hayuko. Nikauliza, kwa ujanja wangu, kwani Jumanne ni nani hupiga picha? Msichana akasema wapo tu, mama, wewe kuja. Jibu gani hilo.

Nimesema nitakuja nikirudi. Kisha nikakaa na simu mkononi nikijiuliza: huyu mama anayeogopa kijana wa heshima kuliko anavyoogopa figo lake ni nani? Si mjinga. Nimesoma mpaka darasa la nane, na ninafuma sweta za shule tatu. Mwili tu unakataa. Nikifikiria ile benchi, narudi kwa mashine kufuma.

Jumatatu, 1 Desemba

Oda za Januari zimeanza. Mashine inalia kutwa.

Kampira kametulia. Ule mvuto siusikii tena. Nimeanza kujiuliza kama kameyeyuka. Daktari alisema hakayeyuki, lakini yeye hayuko humu ndani, mimi ndiye niliyeko. Hata hivyo naijua plastiki. Kuna karatasi ya mkate iko kwa mtaro wetu tangu Mourine hajaolewa, na maandishi bado yanasomeka.

Lela ananiuliza hospitali walisemaje. Nimemwambia mambo ni sawa. Hakuuliza zaidi, na Lela asipouliza ujue ameamini.

Krismasi nitapumzika. Baada ya Krismasi nitaenda.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Mkojo una rangi ya juisi ya ukwaju. Nimeutazama mpaka nikashangaa nautazama nini.

Uchungu umerudi, upande uleule wa kushoto, na huu si wa kuvutwa sweta. Huu unauma na kukaa. Jioni nilitetemeka juani. Lela akaja kuchukua paka wake, akanishika paji la uso, akasimama.

Akaniuliza polepole: Mama Mourine, ule mpira walitoa?

Nikatikisa kichwa.

Akaketi kitandani.  Halafu nikamweleza yote, Kweyu, gauni, mlango wa choo. Nilidhani atacheka, maana huyu hucheka hata matangani. Hakucheka. Alisema kwao pia mkwe ana heshima yake, lakini mwenye kuumwa ameruhusiwa mengi, na mimi nimejikataza jambo ambalo hakuna aliyenikataza. Aliniambia kwa hasira, huku ananikandakanda mguu. Jumatatu tunaenda Eastleigh, kuna kliniki ya binamu yake, wapiga picha wote wanawake. Mbona sikumwambia mapema? Kweli mbona?

Jumatatu, 12 Januari

Nimekaona!

Lazima nitulie niandike vizuri. Yule dada alinipiga picha, akaangalia skrini, akakunja uso, akaniambia subiri. Akaita mwenzake. Wakaita wa tatu. Nikasema jameni, na mimi niite. Wakanigeuzia.

Mifupa ya mgongo naijua kutoka kwa mbuzi, hiyo haikunishangaza. Lakini pembeni yake, kampira kangu — mstari mweupe, kama uzi uliodondoka. Chini mkunjo wake uko sawa, duara zuri. Unapanda, unapanda, na kule juu ndani ya figo, pale daktari alipochora mkunjo wa pili, hakuna mkunjo. Kuna fundo.

Fundo kabisa. La kawaida, la mara moja, lile mtoto anajifunza nalo kufunga kamba ya kiatu. Na limezungukwa na vitu vyeupe kama chumvi iliyoganda.

Nikauliza nani amelifunga. Kusema kweli nilikuwa nauliza kwa dhati. Humo ndani hakuna mkono! Kampira kalichukua ncha yake kenyewe, kakaipitisha kwenye mkunjo wake kenyewe, kakavuta. Lini? Nikiwa nafuma? Nikiwa kanisani? Nilikuwa nimesimama kwa kwaya naimba sauti ya pili na huku ndani mtu anafunga fundo?

Wamenitundikia dripu ya dawa, wamesema kesho kutwa bila kukosa niende kwa daktari wangu. Walisema figo limevimba. Hilo nilisikia, lakini lile fundo lilikuwa bado machoni.

Jumanne, 13 Januari

Homa imeshuka. Nimefanya jaribio.

Jana niliomba ule mrija wa dripu ilipoisha. Yule dada aliniangalia vibaya lakini akanipa. Leo nimeukata kipande cha shibiri moja na nusu, nikazungushia ncha zake kwenye sindano nene ya kufumia, nikatumbukiza kwenye maji ya moto kisha ya baridi. Zikajikunja zikakaa. Nikaweka kwenye chupa ya maji, nikatikisa.

Hakuna. Nikatikisa tena. Hakuna. Lela akatikisa akiimba. Hakuna.

Nikaifunga chupa kiunoni kwa kitambaa, nikafua nguo chache nayo, nikafagia, nikapanda na kushuka ngazi za mlangoni. Nilipoifungua, ncha moja ilikuwa imepita ndani ya mkunjo wake, imelegea tu, imetulia pale. Basi. Ilikuwa imebaki kuvutwa.

Nikashika ncha ya chini, nikavuta polepole. Nilitaka kuona kama litafunguka. Likakaza. Nikavuta zaidi, likawa dogo, gumu, kama mbegu ya mchungwa.

Lela akasema afadhali tusingejaribu. Uzi mbovu hunifanyia hivyo kila siku kwa kikapu na nikiutupa siumii. Huu siwezi kutupa.

Jumatano, 14 Januari

Wamenilaza. Naandika nikiwa wodini, kitanda cha dirishani.

Daktari Sirad hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisimama na ile picha kwenye mwanga, kisha akasema: mama Asenath, fundo kama hili nimesoma habari zake tu. Sijawahi kuliona. Akaita wanafunzi, wakaja wengi na koti zao fupi, kila mmoja anachungulia. Ni nadra sana, akawaambia, wanaolipata wanahesabika dunia nzima.

Nilijisikia vizuri kidogo. Mtu wa Maringo, mfuma sweta, nina kitu ambacho hata daktari hajakiona. Halafu nikajionea aibu kwa kujisikia vizuri.

Nikamuuliza kama ni mimi nimelisababisha kwa kukawia. Akasema fundo lenyewe hakuna ajuaye, labda lilijifunga wiki ya kwanza tu. Lakini yale mawe yaliyolishika ni ya kukawia. Fundo lingekuwa peke yake kazi ingekuwa nyepesi.

Nikamwambia kuhusu mrija na chupa. Akaketi. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka kujua maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Akasema sasa umejiona mwenyewe kwa nini siwezi kuvuta tu. Nikivuta linakaza, na njia ya mkojo inaweza kuchanika. Ataingia na kamera nyembamba kutoka chini, avunje mawe kwa mwanga mkali, alikate fundo vipandevipande. Ikishindikana atapitia mgongoni. Na muda wote lazima mashine ya eksirei iwe juu yangu, ajue yuko wapi.

Na figo? Limechoka, akasema. Limejaa mkojo wenye maambukizi. Upasuaji ni Ijumaa. Likikaa hivi zaidi ya hapo, tutakuja kutoa figo, si kampira.

Nikauliza nani ataishika hiyo mashine.

Akataja jina. Wako wawili tu wanaoijua mashine ya theatre, chumba cha upasuaji, na yule mwingine amejifungua majuzi. Nikamwambia yule ni mkwe wangu. Nilidhani ataniambia hayo ni mambo ya kizamani. Aliirudisha ile picha kwenye bahasha, akasema kwao pia kuna watu ambao hawatazamani. Halafu akasema: nitampa nafasi ya kukataa, na wewe pia unayo. Lakini sina mtu mwingine.

Nimesema hapana. Nimesema nitasubiri huyo aliyejifungua. Akasema mtoto ana siku nne, mama.

Alhamisi, 15 Januari

Siku ndefu. Niandike kwa mpango.

Asubuhi nesi wa wodi, Kavinya, ananipima presha. Msichana mwongeaji. Akasema kumbe wewe ndiye yule mgonjwa! Mgonjwa gani? Akaeleza kwamba tangu Oktoba huyu kijana wa eksirei, Kweyu, kila Jumanne ya kliniki anabadilisha zamu. Anafanya Jumapili za wenzake, anafanya sikukuu, Krismasi nzima alikuwa kazini, ili Jumanne asiwepo. Wakimuuliza anasema kuna mgonjwa ambaye hawezi kuja akiwa yeye yupo. Na kila Jumanne jioni anapiga simu kuuliza kama amekuja.

Nilimwambia Kavinya aache kupima kwanza.

Jumanne zote hizo. Mlango ulikuwa wazi na yeye hayupo, na mimi niko nyumbani namkimbia. Mimi siwezi kumuuliza Mourine, na yeye hawezi kumwambia Mourine, kwa sababu habari za kiuno cha mama mkwe hazitamkwi na mkwe. Nimeona uchungu mpya, na huu si wa figo.

Mchana Mourine alikuja. Sijui nani alimwambia, nafikiri Lela. Alisimama miguuni pa kitanda, mkoba bado begani.

Akasema, Mathe, kwa hivyo mlikuwa mnaheshimiana tu hivyo mpaka figo lioze?

Nikamwambia apunguze sauti. Akasema hapunguzi. Akasema baba yake alizikwa kwa sababu hakutaka kuniambia kifua kinamuuma, eti nisishtuke. Kwamba familia hii inakufa kwa adabu. Halafu akalia, akakaa, akaniwekea kichwa mapajani kama zamani, na nikamkuna nywele. Alikuwa amesuka vibaya, nikamwambia.

Tulipotulia nikamwambia ukweli: sikatai kwa ukaidi. Ninaogopa kwamba nikitoka humo nitakuwa nimepona lakini sitaweza tena kumpelekea kijana sahani ya chakula. Atakuwa ameniona. Atautazama vipi tena ukuta wa jirani?

Mourine akainuka. Akafungua mkoba, akatoa kitu kimefungwa kwa karatasi ile ya hospitali yenye utepe. Akasema ametumwa na bwanake, na maneno yake ni machache: mama asifungue mpaka theatre, kimechemshwa.

Nikauliza ni nini. Bila shaka nikauliza! Akasema shuka. Alinunua Eastleigh jana jioni, la kijani, rangi ya theatre, ili wasilikatae mlangoni. Akalipeleka mwenyewe kule wanakochemshia vitambaa vya upasuaji, akaomba liingizwe pamoja na vya daktari.

Nimelishika muda mrefu. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Mamangu na baba Mourine walikaa miaka hawapeani mkono. Mpaka siku moja baba Mourine akaleta blanketi na kuku, mama akajifunika blanketi mabegani mbele ya watu wote, na kutoka siku hiyo wakawa wanasalimiana. Kilichotolewa ni aibu. Ukikubali kuvaa, imetoka. Ukilirudisha, mambo yabaki yalivyokuwa, na hakuna atakayekulaumu.

Ni desturi ya uani, kuku akipiga kelele. Kijana ameichemsha akaifunga kwa utepe wa hospitali.

Sikumjibu Mourine ndiyo wala hapana. Nimemwambia shuka nitakaa nalo usiku huu. Kuku atakuwa wapi, nikauliza. Akasema kuku atakuja ukitoka.

Ijumaa, 16 Januari

Asubuhi. Sijala wala kunywa. Figo linapiga kama moyo mwingine. Homa imerudi, Daktari Sirad amepita akasema leo ni leo. Akauliza umeamua? Nikasema nitaamulia mlangoni. Akasema mlango uko karibu.

Lela amepiga simu. Ameomba wakinitolea kampira nisikaache, anataka kukaona. Nimemwambia tuko wawili.

Sasa niko kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya theatre. Kavinya amenisindikiza, ameniachia daftari mpaka waniite, kwa sharti nisimwambie mkubwa wake. Wataniganzisha kiunoni kushuka chini, nitakuwa macho. Hilo lilinifurahisha kuliko yote waliyosema.

Mlango una kioo kidogo. Naona mgongo wake. Amevaa kijani, na lile vazi zito la kuzuia miale, anaisukuma mashine yenye mkono uliopinda. Amegeukia ukuta. Anajua niko hapa.

Kavinya amekata utepe. Shuka bado lina uvuguvugu, sijui ni la mashine ama ni la mikono yangu. Ameniambia wamepanga vizuri. Watalitundika kwa vyuma viwili, pazia, katikati yangu na mashine. Kutoka kifuani kwenda chini ni kazi ya daktari na vitambaa vyake. Mkwe wangu hataniona hata kidole, nami sitamwona. Ni yeye mwenyewe ameomba hivyo.

Kijana ana akili. Nimeshusha pumzi ambayo nimekuwa nayo tangu Oktoba.

Halafu nikauliza, na skrini itakuwa wapi?

Kavinya akasema upande wake. Nyuma ya pazia.

Nikamwambia ngoja.

Kamejifunga ndani yangu. Kamekula, kamelala, kameimba sauti ya pili. Leo watakakata vipandevipande, na litakuwa ndilo fundo la kwanza maishani mwangu ambalo nimelibeba na sijaliona likifunguliwa. Na huyu kijana atakuwa anaangalia peke yake, akigeuza uso.

Wanaita jina langu. Kavinya anataka kalamu.

Shuka nimelivaa mabegani. Nimelivuta likakaa vizuri, kama mamangu na lile blanketi. Kavinya anasema sasa pazia tutafanya na nini, mama? Nimemwambia hakuna pazia. Nimemwambia aingie amwambie baba Mitchelle, hapana, sitamtuma. Nimemwita mwenyewe, kupitia huo mlango, kwa jina lake. Kweyu. Geuza hiyo skrini huku, na mimi nione.

 Magurudumu ya mashine nayasikia, yanasogea huku